Mawaridi Yaliyovuliwa Mgomba

Kisu cha mkaguzi kilipokata kamba ya kwanza, Spès alinyamaza. Kilipokata ya pili, alishindwa.

"Kaka, hayo si magunia ya viazi. Ukiyashika namna hiyo yanavunjika shingo."

Mkaguzi hakuinua kichwa. Aliitwa Karangwa, mtu wa miaka thelathini hivi, amevaa koti jeupe lililokwisha kuwa jekundu kwa vumbi la barabara, na alikuwa akipekua mafungu ya mawaridi juu ya meza ya mbao kana kwamba anatafuta bunduki. Nyuma yake kulikuwa na kibanda kipya cha mabati, na nyuma ya kibanda shimo lililokuwa likitoa moshi. Spès alikuwa ameliona shimo hilo alipofika. Hakutaka kuuliza ni la nini.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, Julai 1992, kwenye mpaka wa kusini, upande wa Rwanda. Kesho yake, katika kanisa moja la Kigali, binti wa Silvère Bizimana alikuwa anaolewa, na maua ya kanisani, ya ukumbini na ya mkononi mwa bibi harusi yalikuwa ni haya yaliyolala juu ya meza ya Karangwa. Bizimana hakuwa mtu wa kumkosea. Alikuwa mkurugenzi katika wizara ya kilimo, kule Kacyiru, mtaa wa maofisi ya serikali, na mkewe ndiye aliyewaambia wake wa wakurugenzi wengine wakanunue maua wapi. Duka la Spès, chumba kimoja kule Nyakabanda kati ya fundi viatu na muuza mkaa, liliishi kwa midomo ya wanawake hao. Mume wa Spès alikuwa amekufa. Watoto walikuwa hai na walikuwa wanakula. Mama Bizimana alikuwa amemwambia wazi, bila kupaza sauti: "Ukiniharibia siku hii, Mama Ihirwe, utauza maua kwa wafu peke yao."

Zamani kidogo mambo hayakuwa hivi. Mawaridi yalikuwa yanatoka Kenya kwa barabara ya kaskazini. Vita vilipoifunga barabara hiyo, wauza maua wa Kigali waligeuza shingo kusini, Burundi. Spès hakuona shida. Huko ndiko alikozaliwa, na binamu yake Libère alikuwa na shamba la mawaridi na glayeli, yale maua marefu ya mashada, kwenye milima yenye baridi juu ya Bujumbura. Maua yalivuka mpaka kama mtu anayekwenda kumsalimia shangazi yake. Afisa wa forodha alichungulia, akachomoa moja la mkewe, akasema nendeni. Halafu wizara ikakumbuka kwamba mimea hubeba magonjwa. Kuanzia mwezi huu, hakuna ua wala mche kuingia bila kibali cha Kacyiru, cheti cha afya kutoka ulikotoka, na mkaguzi wa kuufungua mzigo mpakani.

Spès hakulia habari hiyo ilipotangazwa redioni. Alikuwa na diploma ya ukatibu na alijua ofisi zinavyopumua. Alipanda basi hadi Kacyiru, akatumwa dirisha hadi dirisha, akaambiwa mwenye muhuri yuko kwenye semina. Akarudi, akaambiwa semina imekwisha lakini ufunguo wa kabati umebaki huko huko. Akarudi tena. Mwisho akapata. Libère naye akapata cheti chake. Asubuhi hii alizitandaza karatasi mbele ya Karangwa kama mtu anayetandaza karata za ushindi.

Karangwa alizisoma zote, hata upande wa nyuma.

"Ziko sawa," alisema. "Na maua ni safi. Sina neno na maua."

"Basi nifungie niende."

"Mgomba ndio hauingii, mama."

Spès alimtazama, kisha akaitazama meza. Hapo ndipo alipoelewa, na kuelewa kwenyewe kulimwasha kama pilipili.

Katika milima hii, kitu chochote kinachostahili kusafiri vizuri husafiri ndani ya mgomba. Unabandua ganda la shina likiwa bichi, zito kwa maji, unalizungushia mzigo, unafunga kwa kamba ya mgomba ule ule. Siagi inafika haijayeyuka. Mawaridi yanafika kama yamekatwa sasa hivi. Mama yake alifunga hivyo, na bibi yake pia. Alipompigia Libère simu wiki hiyo alimweleza juu ya cheti, juu ya muhuri, juu ya udongo usionekane hata chembe kwenye shina, kisha akamalizia kwa maneno ambayo sasa yalikuwa yakimrudia masikioni: "Na uyafunge vizuri, kama kawaida." Haikumpitia akilini kwamba ganda la mgomba ni mmea. Kwake lilikuwa kitu cha kufungia, kama gazeti kwa muuza karanga.

"Lakini hiki ni kifungio tu," alisema.

"Ni mgomba. Kuna ugonjwa wa migomba, na kitu chochote cha mgomba hakivuki."

"Nimesimama kwenye madirisha ya Kacyiru mpaka miguu ikavimba. Kuna mtu aliyenitajia mgomba?"

"Walipaswa kukwambia."

"Hawakuniambia."

"Basi wamekosea."

"Wakosee wao, kiungue changu." Alivuta pumzi. "Haya. Lete kisu. Nitayavua maganda yote hapa hapa, wewe uyachome, mimi nichukue maua yangu."

"Mzigo uliokuja na mgomba unachomwa wote. Ndivyo nilivyoagizwa."

Mtu alicheka nyuma yao. Spès hakuhitaji kugeuka kumjua. Mukasine alikuwa ameketi juu ya kikapu alichokigeuza, mwanamke mnene mwenye mvi, mtengeneza mashada ya misiba jirani na hospitali. Kwa miaka mingi hawakuwa wamesalimiana salamu ya maana, kwa sababu Mukasine aliwaambia watu kwamba yule Mrundi amemnyang'anya maharusi yote akamwachia maiti. Mafungu yake ya glayeli nyeupe yalikuwa yameegemezwa kwenye ukuta wa kibanda. Nayo yalikuwa yamefungwa kwa mgomba.

"Mrundi mwenye diploma," alisema. "Nilidhani wewe utapigiwa saluti."

"Na wewe mbona umekaa? Umealikwa ngoma?"

"Mimi nimeshahukumiwa. Nangoja zamu yangu ya shimo." Sauti ilikuwa ya kejeli, lakini vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua pindo la kitenge. "Mwalimu mmoja pale kwetu amekufa kwa uzazi. Wanamzika kesho. Watoto wa darasa lake wameahidiwa kila mmoja amwekee ua moja. Sasa nitawagawia moshi."

Spès alimgeukia Karangwa. "Umemsikia?"

"Nimemsikia tangu asubuhi." Karangwa aliweka kisu chini. "Mama zangu, mnadhani nafurahi? Kwetu Kibungo shamba la mama yangu limelala lote. Majani yanageuka manjano, shina linapasuka, basi. Mtu alimletea machipukizi kwa upendo tu, kwenye gari, hakuna aliyeyakagua. Leo mama yangu ananunua ndizi sokoni. Mwanamke aliyekuwa akigawa ndizi kijiji kizima."

Hilo lilimzidishia Spès hasira. Ni rahisi kumkasirikia mjinga au mla rushwa. Huyu hakuwa mmoja wala mwingine. Alikuwa mtu mwenye sababu ya kweli na amri ya kipumbavu, na vyote viwili vilikuwa vimesimama juu ya mawaridi yake.

Simu ilikuwa moja tu, ofisini kwa mkuu wa forodha. Mkuu alikuwa akinywa chai ya maziwa na hakutaka kusumbuliwa.

"Simu ya serikali si ya watu, mama."

"Nampigia Bwana Silvère Bizimana, mkurugenzi. Maua yanayotaka kuchomwa ni ya harusi ya binti yake."

Mkuu aliweka kikombe chini, akakifuta kishikio cha simu kwa mkono wa shati lake, akampa.

Kwa moyo wake Spès hakutaka kupiga. Mtu aliyefuata kila dirisha, aliyepata kila muhuri, mwishowe anaishia pale pale anapoishia mtu asiyefuata lolote: kumjua mkubwa. Lakini moshi wa shimo ulikuwa unaingia dirishani. Alipiga.

Bizimana alicheka. Kicheko chake kilikuja safi kabisa, kana kwamba amekaa chumba cha pili.

"Mgomba? Mama Ihirwe, hiyo sheria nimeisaini mimi mwenyewe na hata sikumbuki kama ilikuwa na mambo ya mgomba. Usiwe na wasiwasi. Haikuwekwa kwa ajili yetu sisi. Ni kwa ajili ya hao wachuuzi wanaopitishapitisha vitu. Nipe huyo kijana."

Kupitia dirisha Spès aliona kisogo cha Mukasine, juu ya kikapu, na kitenge chake kilichopauka. Hao wachuuzi. Alimwita Karangwa, akampa simu.

Karangwa alisimama wima kama vile yule mtu anamwona. "Ndiyo, Bwana Direkta. Ndiyo. Lakini Bwana Direkta, ile ibara ya… Ndiyo. Nimesikia." Alirudisha simu mahali pake taratibu, kama mtu anayelaza yai.

Walirudi mezani. Karangwa hakumtazama mtu.

"Ya harusi ya mkurugenzi yapite," alisema. "Yapite na mgomba wake. Na ugonjwa nao upite, uende ukawasalimie." Akafunga kalamu yake. "Yapi ya harusi?"

Hapo Spès angepaswa kushukuru. Duka limepona, watoto watakula, Mama Bizimana atatabasamu. Lakini hasira yake, ambayo asubuhi yote ilikuwa haijui imwangukie nani, sasa ilikuwa imepata anwani, na anwani yenyewe ilikuwa Kacyiru.

"Yote," alisema.

"Yote yapi?"

"Haya ya mezani na yale ya ukutani. Mkurugenzi ana binti mmoja. Anataka kanisa lijae."

"Yale ya ukutani ni ya huyu mama."

"Huyu mama ni mfanyakazi wangu."

Mukasine alifumbua mdomo. Mtu yeyote aliyemjua angeapa kwamba kitakachotoka ni tusi. Aliufumba, akameza, akaufumbua tena.

"Ndiyo," alisema kwa uchungu wa mtu anayemeza kwinini. "Huyu ni bosi wangu."

Karangwa aliwatazama wote wawili, akatazama ofisi yenye simu. "Sina la kuuliza tena," alisema. "Simu ikishapigwa, mimi nakuwa mti tu."

"Wewe si mti," alisema Spès. "Lete kisu."

"Umeruhusiwa, mama. Na mgomba."

"Nimesikia. Nani aliyekwambia nataka ruhusa yake? Mama yako ananunua ndizi. Lete hicho kisu."

Alikata kamba, akabandua ganda la kwanza, la pili, akayatupa chini. Maji yaliyokuwa yamehifadhiwa ndani yalimwagika juu ya viatu vyake. Mukasine alikuwa ameinuka.

"Una wazimu? Mpaka Kigali bila maganda, kwa jua hili? Yatafika majani ya chai."

"Nina kitenge. Una kitenge. Tuvivue tuviloweshe."

"Mimi nivue nguo mpakani?"

"Una sketi ndani, nakuona. Vua, mfanyakazi."

Mukasine alimtukana kwa Kinyarwanda, tusi refu lenye jina la mama mkwe ndani yake, na huku akitukana alikuwa anakifungua kitenge. Maganda yote waliyabeba wenyewe hadi shimoni. Karangwa alikuja akasimama kando yao mpaka la mwisho lilipokunjamana motoni. Alikwenda akaleta ndoo ya maji, akaimimina juu ya vitenge vyenye maua, akarudi kibandani kwake.

Pikapu iliyowabeba hadi Kigali ilikuwa ya Zephaniah, mtu wa Ngara, Tanzania, ambaye Kiswahili chake kilinyooka na ulimi wake haukupumzika.

"Mama zangu," aliuliza akiwasha gari, "askari wakinisimamisha niseme nimebeba nini? Wake wawili waliokimbia waume bila nguo?"

"Sema umebeba maua na ufunge mdomo," alisema Spès.

Askari walimsimamisha, tena na tena, kwa sababu ulikuwa wakati wa vita na kila daraja lilikuwa na kizuizi. Kila mahali walitaka turubai lifunuliwe, walitaka vitenge vifunguliwe, walitia mikono chini kabisa kutafuta silaha. Jua liliingia. Vumbi liliingia. Spès na Mukasine walishuka kwenye kila kijito wakalowesha vitenge upya, wakapanda tena, wakaona maji yakikauka kabla ya kilima kinachofuata. Mawaridi yangekuwa ndani ya mgomba, yasingejua hata kama kuna jua. Njia nzima Spès alikuwa akisema peke yake, chini kwa chini, maneno ya kumwambia Libère, maneno ya kumwambia mwenye ufunguo wa kabati, na maneno ya kujiambia mwenyewe, maana "kama kawaida" ilikuwa imetoka kinywani mwake na si mwa mwingine.

Walifika Nyakabanda jua likiwa bado juu ya mlima. Walimwaga kila kitu sakafuni dukani wakaanza kuchambua. Mawaridi ya katikati ya mafungu yalikuwa yamepona. Ya pembeni yalikuwa yameinamisha vichwa na hayakuinua tena, hata yalipotiwa ndani ya maji ya baridi. Glayeli ndefu zilikuwa zimevunjika kwa mikono ya askari. Kilichobaki hakikufika nusu, na kilikuwa kimechanganyika, cha Spès na cha Mukasine, huwezi kujua kipi cha nani.

Mukasine alikaa sakafuni na sketi yake ya ndani, akatazama kile kilichobaki.

"Gawa," alisema. "Wewe ndiye bosi."

"Watoto wa lile darasa ni wengi?"

"Wamejaa. Wanakaa watatu dawati moja."

"Hesabu ya kwao kwanza. Ukikosa glayeli chukua mawaridi."

"Na harusi yako?"

"Harusi ina mkurugenzi. Hao watoto wana nani?"

Mukasine angesema ni huruma. Spès alijua ni hasira tu iliyopata kazi ya kufanya. Alibakiza mawaridi ya mkononi mwa bibi harusi, yaliyo mazuri kuliko yote, na ya altare. Pengo lote lililobaki alilijaza kwa arumu, maua meupe ya bustani ya kanisa, alizokwenda kuomba kwa masista, yale yale maua ambayo Mama Bizimana alikuwa ameyakataa mapema kwa kusema yananuka sakristia.

Asubuhi bibi harusi alipokea mawaridi yake, akayanusa, akasema ni mazuri sana, na alisema kweli. Mama yake aliingia kanisani, akatazama altare, akatazama viti, mlango, nguzo, arumu juu ya arumu. Alimtazama Spès mara moja tu, kama mtu anayefunga dirisha.

Bizimana ndiye aliyemfuata nje, misa ikiwa haijaanza. Alimvuta kando, kwenye lango la ukumbi, wageni wasisikie.

"Nilikufungulia mpaka," alisema.

"Ulinifungulia."

"Basi mawaridi yako wapi?"

"Mengine yamekufa njiani. Mengine wanayo watoto wanaomzika mwalimu wao saa hizi. Yalivuka bila mgomba, Bwana Direkta, na bila mgomba hayafiki."

"Nani alikwambia uyavue? Nilisema yapite kama yalivyo."

"Sheria yako imesema yasipite. Nilishindwa kujua nimtii Bizimana yupi."

Alikasirika, lakini wageni walikuwa wakipita na ilimbidi kutabasamu kwa kila suti iliyopita, kwa hiyo hasira yake ilitoka kupitia tabasamu. "Mama Ihirwe. Unajua nikisema neno moja, hilo duka lako…"

"Najua. Mkeo alishanieleza, na yeye hakucheka."

Langoni, kulia na kushoto, kulikuwa kumesimikwa migomba miwili mizima, mikungu ikining'inia, majani yamefungwa utepe mweupe, kama inavyofanywa kwenye kila harusi. Ilikuwa imekatwa jana na utomvu ulikuwa bado unachuruzika. Spès aliweka kiganja chake juu ya shina.

"Hii imekaguliwa na nani?"

Bizimana aliutazama mgomba kana kwamba umeota hapo sasa hivi. "Hili ni pambo la harusi."

"Na changu kilikuwa kifungio." Aliufuta mkono kwenye sketi yake. "Sikiliza. Ugonjwa upo, nimeelezwa na mtu anayeujua. Sheria ni nzuri, sina ugomvi nayo. Ila Jumatatu nitakuja Kacyiru, mimi na Mukasine, nitauliza jambo moja tu. Mgomba umekatazwa. Tufunge kwa kitu gani? Mtu aliyekataza alipaswa kujiuliza hilo kabla ya kuchimba shimo."

"Usikanyage ofisini kwangu."

"Nitakanyaga," alisema Spès, akaenda zake, kengele ikiwa inalia.

Mama Bizimana alitimiza ahadi yake. Kabla Jumapili haijaisha, wanawake wawili wa Kacyiru walikuwa wametuma watu kufuta oda zao za maua ya Agosti, na muuza mkaa, aliyesikia kila kitu kupitia ukuta, alimuuliza Spès kama chumba kitakuwa wazi karibuni. Spès alimwambia asubiri mazishi yake mwenyewe, atamtengenezea shada.

Jumatatu asubuhi walikuwa Kacyiru. Spès alikuwa amebeba fungu la mawaridi yaliyokufa, limefungwa kwa gunia lililoloweshwa, na jingine kwa magazeti yaliyoloweshwa, ili waone wenyewe mawaridi yanakuwaje pasipo mgomba. Dirisha lilikuwa limefungwa. Nyuma ya kioo mtu aliwaona, akavuta pazia.

Mukasine aligeuza kikapu chake, akakalia.

"Wakikataa kufungua, bosi?"

Spès hakukaa. Aliweka mafungu yake yote mawili juu ya kizingiti cha dirisha, pale ambapo mtu hawezi kufungua bila kuyashika, akaanza kugonga.